Lisbon: Majengo ya Mto Tejo na Dhahabu ya Kilwa

Lisbon, mji mkuu wa Ureno, umekaa juu ya vilima vya ukingo wa kaskazini wa Mto Tejo, karibu na mahali mto huo unapoingia Bahari ya Atlantiki. Tejo ndio mto mrefu kuliko yote ya rasi ya Iberia. Chimbuko lake liko mashariki ya Hispania, na hadi kufika Lisbon huwa umekwisha kupita zaidi ya kilomita 1,000. Mbele ya mji maji yake hupanuka yakawa kama ziwa, kisha hubanwa tena na kupita katika mlango mwembamba kuelekea baharini. Umbo hilo la mto ndilo lililouzaa mji. Meli zilizotoka baharini zilipata humo maji tulivu yenye kina, na adui aliyezifuata hakuwa na budi kupita pale pembamba, palipolindika kwa mizinga. Majengo mengi ambayo wageni huenda kuyatazama leo yaliinuliwa kwa sababu ya mto huo, na baadhi ya yaliyopotea yalichukuliwa na maji yake.

Wafoinike walifanya biashara hapo kabla ya Warumi. Warumi wakaujenga mji wakauita Olisipo, na ukumbi wao wa maonyesho, uliochimbwa katika mteremko wa kilima, ulifunikwa na nyumba kwa karne nyingi hadi ulipogunduliwa upya mwishoni mwa karne ya 18. Mwanzoni mwa karne ya 8 mji uliingia mikononi mwa Waislamu, nao walikaa zaidi ya miaka 400. Waliimarisha kuta za kilimani, na chini yake kukawa na mtaa wa Alfama, ambao jina lake ni la Kiarabu na hutokana na chemchemi za maji ya moto zilizokuwapo hapo. Mwaka 1147 Mfalme Afonso Henriques, akisaidiwa na wapiganaji wa vita vya msalaba waliokuwa safarini kwenda Nchi Takatifu, aliuzingira mji tangu Julai hadi Oktoba akauteka. Ngome ya kilimani ikaja kuitwa Castelo de São Jorge, na kanisa kuu, Sé, likaanza kujengwa mara moja. Kuta zake nene na minara yake miwili zinaonyesha kwamba wajenzi walikuwa bado wakiwaza vita.

Alfama haikubomolewa. Vichochoro vyake hupindapinda, hupanda kwa ngazi na kufinywa hata watu wawili hupishana kwa taabu. Anayeujua Mji Mkongwe wa Zanzibar au mitaa ya Lamu hatajiona mgeni humo. Kwa mtu mwenye siku moja tu mjini, mtaa huu unastahili saa nyingi kuliko ngome iliyo juu yake, kwa kuwa sehemu kubwa ya ngome inayoonekana ilijengwa upya katika karne ya 20.

Fahari ya Lisbon, hata hivyo, haiko Alfama. Iko kilomita chache kushuka mto, mahali palipoitwa Restelo na baadaye Belém, ambapo meli za masafa marefu zilingojea upepo. Hapo palikuwa na kanisa dogo ambamo mabaharia waliomba kabla ya kung'oa nanga. Julai 8, 1497 Vasco da Gama aliondoka hapo akiwa na meli nne. Aprili 1498 alifika Mombasa, ambako hakukuwa na kuaminiana, kisha akaenda Malindi, ambako mfalme wa mji alimpokea vizuri na kumpatia rubani aliyeijua Bahari Hindi. Mei mwaka huo alikuwa Calicut, kwenye pwani ya India. Aliporejea mwaka 1499, mfalme wa Ureno, Manuel I, alijua kwamba pilipili manga na mdalasini vingeweza kuletwa hadi Tejo bila kupitia Misri wala Venezia. Njia ya kuvuka Bahari Hindi, iliyokuwa mpya kwa Wareno, ilikuwa ya zamani kwa wafanyabiashara Waswahili, Waarabu na Wahindi, waliokuwa wakisafiri kwa pepo za kaskazi na kusi tangu karne nyingi.

Yaliyofuata ndiyo yaliyoigharimia Belém. Mwaka 1502 Vasco da Gama alirudi na kundi kubwa la meli zenye mizinga akatia nanga Kilwa. Kilwa ulikuwa mji uliotajirika kwa dhahabu iliyotoka nyanda za Zimbabwe kupitia bandari ya Sofala. Msafiri Ibn Battuta alikuwa ameutembelea mwaka 1331 na kuusifu. Kwa vitisho vya kuubomoa mji, mtawala wake, Amir Ibrahim, alilazimishwa kukubali kuwa chini ya mfalme wa Ureno na kulipa kodi ya kila mwaka. Kiasi kinachotajwa ni mithkali 1,500 za dhahabu. Kodi ya kwanza ilifika Lisbon mwaka 1503. Miaka miwili baadaye kamanda Francisco de Almeida aliondoka Belém na meli nyingine, akaiteka na kuipora Kilwa, akamweka mtawala aliyemtaka, akajenga ngome, kisha akaenda kuichoma Mombasa. Mwaka 1512 Wareno waliihama Kilwa. Biashara waliyokuja kuichukua ilikuwa imekwisha kuvurugika mikononi mwao.

Dhahabu ile ya kwanza bado ipo. Mfalme Manuel aliamuru ifanywe monstransi, chombo ambamo Wakatoliki huweka Ekaristi ili waumini waione na kuiabudu. Kazi ilipewa mfua dhahabu Gil Vicente, ambaye wengi humhesabu kuwa ndiye yule yule mtunzi mkubwa wa tamthilia mwenye jina hilo, naye aliimaliza mwaka 1506. Chombo hicho, kiitwacho Custódia de Belém, kina urefu wa sentimita 73 hivi. Mitume 12, kila mmoja na uso wake na vazi lake lililotiwa rangi kwa enameli, wamepiga magoti kuzunguka kioo cha katikati. Juu yao yuko njiwa wa Roho Mtakatifu, na juu kabisa Mungu Baba ameshika dunia. Nguzo nyembamba za dhahabu zimeinuliwa kama za kanisa kubwa la wakati ule, na kwenye shina kuna matufe ya pete za mbingu, nembo ya Manuel mwenyewe. Maandishi ya kitako hayafichi lolote: yanasema kwamba mfalme aliagiza kifanywe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, na yanataja mwaka.

Katika wosia wake Manuel alikiachia chombo hicho Monasteri ya Jerónimos. Leo kimehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kale, katika mtaa wa Janelas Verdes, si mbali na mto. Hakuna kitu kingine mjini Lisbon kinachobeba historia ya pwani ya Waswahili kwa uwazi kama hicho. Watalii wengi hupita bila kukiona, kwa kuwa mabasi huwapeleka moja kwa moja hadi Belém.

Monasteri ya Jerónimos ilianza kujengwa katika miaka ya mwanzo ya 1500 mahali pa lile kanisa dogo la mabaharia, na kazi ilichukua karibu karne nzima. Fedha zilitoka katika ushuru maalumu, sehemu moja ya 20 ya mapato ya biashara ya Afrika na nchi za Mashariki. Diogo de Boitaca aliisanifu kwanza, na baadaye João de Castilho akachukua usimamizi na kulijenga lango la kusini linalotazama mtoni, lenye urefu wa mita 32 na sanamu nyingi kuliko jicho linavyoweza kuzihesabu kwa mara moja. Jiwe lililotumika ni chokaa ngumu ya eneo hilo, ambayo hung'aa kuwa ya rangi ya dhahabu jua linapotua. Mafundi waliichonga kamba za meli, matumbawe, majani ya nchi za mbali na msalaba uliokuwa kwenye matanga ya meli za Ureno. Karne ya 19 iliupa mtindo huo jina la mfalme aliyeulipia, ukaitwa Manuelino.

Ndani ya kanisa nguzo ni nyembamba na ndefu, na juu yake matawi ya mawe husambaa kubeba dari ambalo kwa upana wake linaonekana haliwezi kusimama. Lilisimama hata katika tetemeko kubwa la ardhi la mwaka 1755. Makaburi ya Manuel na jamaa zake yamewekwa juu ya migongo ya tembo wa marumaru. Karibu na mlango wamelazwa Vasco da Gama na mshairi Luís de Camões, waliohamishiwa hapo katika karne ya 19. Sehemu bora ya monasteri ni ua wake wa ndani, wenye baraza za ghorofa mbili pande zote nne, ambamo watawa walitembea na kusali. Watawa waliondolewa serikali ilipofunga nyumba za kitawa mwaka 1834. Husimuliwa kwamba ni kutokana na kufungwa huko mapishi yao ya vitumbua vya maziwa na viini vya mayai yalitoka nje. Duka la jirani limekuwa likiviuza tangu 1837, na foleni yake haiishi.

Mnara wa Belém ulijengwa kati ya 1514 na 1519 ili kuulinda mlango wa mto. Msanifu wake, Francisco de Arruda, aliwahi kufanya kazi katika ngome za Wareno huko Moroko, na vikuba vya vibanda vya walinzi vinaikumbusha nchi hiyo. Mnara ulisimama juu ya mwamba ndani ya maji. Ufuko ndio uliousogelea baadaye. Chini ya kibanda kimojawapo kumechongwa kichwa cha kifaru, kilichochakaa kwa upepo wa chumvi. Kifaru mwenyewe aliletwa kutoka Gujarat na kuteremshwa Lisbon Mei 20, 1515. Ulaya haikuwa imemwona kifaru hai tangu zama za Warumi. Habari na mchoro vilimfikia msanii Albrecht Dürer huko Ujerumani, naye akamchora bila kumwona, picha iliyosambaa bara zima. Mfalme alimtuma mnyama huyo kwa Papa Leo X kama zawadi, lakini meli ilizama karibu na pwani ya Italia. Mnara wenyewe, baada ya kupitwa na wakati kama ngome, ulikuwa forodha na pia gereza, ambalo vyumba vyake vya chini vilikuwa vya unyevu usiovumilika.

Katikati ya mji, Manuel aliihama ngome ya kilimani akajenga kasri kando ya maji, Paço da Ribeira, ili aishi akiziona meli zake. Hapo hapo palikuwa na Casa da Índia, ofisi iliyosimamia biashara yote ya Bahari Hindi: maghala ya viungo, mahesabu, ramani, barua za manahodha. Mmoja wa wasimamizi wake alikuwa João de Barros, aliyeshika kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 30 katika karne ya 16. Kwa nyaraka zilizopita mezani pake alitunga historia kubwa ya Wareno katika Asia, na katika sehemu ya kwanza, iliyochapwa 1552, aliingiza habari za masultani wa Kilwa zilizochukuliwa katika tarikhi ya mji wenyewe. Kwa hiyo moja ya matoleo mawili makuu ya Tarikhi ya Kilwa limehifadhiwa kwa sababu lilipita katika ofisi iliyoshughulikia uporaji wa mji huo.

Lisbon ya wakati huo ilikuwa pia mji wa watu waliofanywa watumwa. Hesabu za katikati ya karne ya 16 huonyesha kuwa katika watu 100,000 hivi, karibu mmoja kati ya kumi alikuwa mtumwa, na wengi walitoka Afrika Magharibi. Walibeba maji, walipakua meli, walifua, walisafisha mji. Mwaka 1515 Manuel aliagiza lichimbwe shimo la kutupia miili ya watumwa waliokuwa wakifa bila kuzikwa. Barabara ya Poço dos Negros inachukua jina lake hapo. Mtaa wa Mocambo, ambao sasa ni Madragoa, ulikaliwa na Waafrika, watumwa na waungwana. Katika kanisa la São Domingos walikuwa na chama chao cha kidini. Mbele ya kanisa hilo hilo, Aprili 1506, yalianza mauaji ya watu wa asili ya Kiyahudi waliolazimishwa kuwa Wakristo. Kwa siku chache waliuawa kati ya 2,000 na 4,000 kwa makadirio ya wengi. Uwanjani pana ukumbusho wao, uliowekwa 2008. Kanisa liliungua mwaka 1959, na waliolitengeneza waliziacha nguzo zilizopasuka kwa moto zionekane. Ni mwaka ule ule wa 1506 ulioandikwa kwenye kitako cha monstransi ya Belém, na mgeni anapaswa kuvitazama vyote viwili ili aujue utawala wa Manuel.

Asubuhi ya Novemba 1, 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, makanisa yakiwa yamejaa watu na mishumaa, ardhi ilitetemeka kwa dakika kadhaa. Waliookoka walikimbilia uwanja wa mtoni, palipokuwa wazi. Huko waliona maji yakirudi nyuma, kisha mawimbi ya tsunami yakapanda Tejo na kuwafagia. Moto ulioanzia makanisani na majikoni uliwaka siku tano. Waliokufa hukadiriwa kuwa makumi ya maelfu. Kasri la Ribeira liliteketea pamoja na maktaba yake, na nyumba ya opera iliyofunguliwa mwaka huo huo ikawa kifusi. Nyaraka za Casa da Índia nazo ziliangamia. Hasara hiyo haikuwa ya Ureno peke yake: barua na mahesabu ya zaidi ya miaka 200 kuhusu Sofala, Kilwa, Malindi na Mombasa yalipotea siku hizo, na wanahistoria wa Afrika Mashariki bado wanalihisi pengo hilo.

Belém haikuumia sana. Mfalme José I na familia yake walikuwa huko, ndiyo maana walipona. Lakini kwa hofu mfalme alikataa tena kulala ndani ya nyumba ya mawe, akaishi katika makao ya mahema na mbao kwenye kilima cha Ajuda. Kazi ya kuujenga mji ilisimamiwa na waziri Sebastião José de Carvalho e Melo, anayejulikana kama Marquês de Pombal. Alituma maswali katika parokia zote za nchi: tetemeko lilidumu muda gani, maji yalipanda au yalishuka kwanza, nyumba ngapi zilianguka. Majibu hayo yanahesabiwa kuwa mwanzo mmojawapo wa elimu ya matetemeko. Wahandisi wake, akiwamo Manuel da Maia, walifuta magofu ya bonde lililo kati ya vilima na kuchora mtaa mpya, Baixa, wenye barabara zilizonyooka na nyumba zinazofanana. Ndani ya kuta walificha fremu ya mbao iliyofungwa kwa mihimili ya kukingamana, ili nyumba iyumbe bila kuvunjika. Ni miongoni mwa mifano ya kwanza ya Ulaya ya mtaa mzima kujengwa kwa kukusudia kuhimili tetemeko.

Mahali pa kasri pakawa Praça do Comércio, uwanja uliozungukwa pande tatu na majengo ya serikali na kuachwa wazi upande wa mto, ukiwa na sanamu ya José I juu ya farasi iliyozinduliwa 1775. Mtu anayepanda kutoka hapo hadi Carmo hukuta kanisa la karne ya 14 na 15 lisilo na paa. Matao yake yameachwa chini ya mbingu tangu siku ya tetemeko. Picha kamili zaidi ya mji uliopotea imo katika Makumbusho ya Vigae, kwenye nyumba ya zamani ya watawa wa kike ya Madre de Deus: ukuta wa vigae vya buluu na nyeupe vya mwaka 1700 hivi, wenye urefu wa mita 23, unaoonyesha ukingo wote wa Tejo na kasri, makanisa na meli zake. Jengo jingine lililoshinda tetemeko ni mfereji wa Águas Livres, ulioleta maji mjini tangu 1748. Tao lake kubwa katika bonde la Alcântara lina kimo cha mita 65.

Nje ya mji, Sintra ndiyo hutembelewa zaidi: vilima vya ukungu vyenye kasri la wafalme lenye mabomba mawili ya moshi ya umbo la pia, ngome ya Waislamu, na kasri la Pena, lililojengwa katika karne ya 19 kwa rangi kali. Mbele kidogo iko rasi ya Cabo da Roca, ncha ya magharibi kabisa ya bara la Ulaya.

Karne ya 20 ilirudi Belém kwa nia ya kisiasa. Mwaka 1940 serikali ya dikteta Salazar ilifanya huko maonyesho makubwa ya kuitukuza himaya, na mnara wa muda uliosimamishwa wakati huo ulijengwa upya kwa zege na mawe mwaka 1960: Padrão dos Descobrimentos, wenye umbo la omo ya meli na sanamu 33 zikiongozwa na Mwanamfalme Henrique. Wapo mabaharia, wafalme, mapadre na washairi. Rubani aliyetolewa Malindi hayumo, wala mtu yeyote wa pwani walizofikia. Ni kazi ya ustadi mkubwa, lakini inasimulia upande mmoja tu wa safari hizo. Mwaka uliofuata vita vya ukombozi vilianza Angola. Juni 1962 FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, ilianzishwa Dar es Salaam, na Septemba 1964 ikaanza mapambano Msumbiji kutoka kambi zake za Tanzania. Vita hivyo ndivyo vilivyowachosha maofisa vijana wa jeshi la Ureno. Aprili 25, 1974 walifanya mapinduzi: magari yao ya kivita yaliingia Praça do Comércio, na jioni waziri mkuu Marcelo Caetano akajisalimisha katika kambi ya Carmo, jirani na lile kanisa lisilo na paa. Daraja la chuma lililofunguliwa juu ya Tejo mwaka 1966 kwa jina la Salazar likapewa tarehe hiyo kuwa jina lake, Ponte 25 de Abril.

Mwaka 1998, miaka 500 tangu Vasco da Gama afike India, Lisbon iliandaa maonyesho ya dunia kuhusu bahari katika eneo la viwanda vichakavu mashariki ya mji. Yalibakisha mtaa mpya, jumba kubwa la viumbe wa baharini, na daraja lenye urefu wa kilomita 17 pamoja na njia zake za kuingilia, lenye jina la nahodha huyo.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1981. Monasteri ya Jerónimos na Mnara wa Belém viliingizwa 1983. Msomaji wa Afrika Mashariki atakayepata nafasi ya kufika Lisbon na aanzie Janelas Verdes, mbele ya mitume wale 12 wa dhahabu, ndipo aende Belém.